Sashe Niliyoandika "Damu"

Mara mbili nimeombwa niwaandikie ninyi wanafunzi wa uuguzi mnaoanza staji, na mara mbili nimekataa. Safari hii nimekubali kwa sababu nyumba imenishinda. Tangu nistaafu nafagia uwanja mara tatu kwa siku, napanga upya sahani ambazo zimeshapangwa, naenda sokoni bila haja ya kununua chochote. Binti yangu ananiambia, "Mama, ikala kwanza!" Nakaa dakika mbili, nimesimama tena. Basi nisomeni mkijua kwamba anayeandika ananyanyuka kila baada ya mistari michache, na mkiona nimeruka kutoka jambo hili hadi lile, msidhani kuna karatasi imepotea.

Jina langu ni Léontine. Miaka ishirini na sita nilikaa nyuma ya dirisha la dawa katika kituo cha afya cha parokia, hapa Likasi, upande wa Panda. Watu waliniita Mama Famasi, hata padri wakati mwingine. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi ya daktari, kutoa dawa, na kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia. Kutoa dawa kulikuwa rahisi. Kueleza ndiko kulikonishinda, na mimi nilidhani nakuweza kuliko wote.

Niwape kwanza kosa la kuchekesha. Wagonjwa wetu wengine hawajui kusoma, kwa hiyo kwenye sashe, kile kifuko kidogo cha plastiki tunachotilia vidonge, tulikuwa tunachora jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya usiku. Chini ya picha tunaweka vistari, kila kistari kidonge kimoja. Jua langu lilikuwa na miale mirefu, na siku ambazo foleni haikuwa kubwa nililitilia hata macho. Akaja mzee mmoja wa kiwandani Shituru, mgonjwa wa presha. Nikampa sashe ya jua, kistari kimoja, nikamwambia kwaheri. Wiki iliyofuata akarudi anayumba, mke wake amemshika mkono.

"Papa, ulikunywa dawa namna gani?"

"Mama, miye niko posti ya usiku. Nikitoka kazi nalala, nikiamka yua ilisha kuenda. Siku ya Mungu njo niliiona yua. Basi nikameza zote za juma."

Sista Imelda, aliyekuwa mkuu wa kituo, alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alimlaza mzee, akampima presha kila robo saa mpaka mchana, kisha akaja dirishani kwangu. "Léontine, ulimuuliza anaamukaka saa ngapi?" Sikumuuliza. Tangu siku ile, kabla ya kuchora jua, niliuliza kwanza mtu yuko posti gani, yaani zamu gani ya kazi. Ninyi mna kompyuta na vibandiko vilivyochapwa tayari, lakini ulizeni hivyohivyo. Likasi ni mji ambao nusu ya wanaume wana asubuhi yao saa kumi na mbili jioni.

Haya. Sasa pilule, vile vidonge vya kuzuia mimba. Najua mnatabasamu. Hakuna kundi la staji lililopita kwangu bila mmoja kuninong'oneza, "Mama, kweli na kwa masista kuna pilule?" Ndiyo, zilikuwepo. Kabati la chini, kufuli, ufunguo mmoja kwangu na mmoja kwa Sista. Hatukuzitoa kwa ajili ya kupanga uzazi. Mke na mume waliotaka kupumzisha uzazi, Sista aliwakalisha Alhamisi akawafundisha kuhesabu siku za mwanamke na kusoma dalili za mwili wake. Lakini alipokuja msichana ambaye kila mwezi maumivu yanamwangusha chini darasani, au mama ambaye damu yake haikomi, daktari aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi, akaandika pilule chini yake, nami nikafungua kufuli. Karatasi isiyo na jina la ugonjwa haikufungua kabati.

Sista hakuwa na maneno mengi juu ya hilo. "Kidonge ni kidonge tu," alisema. "Miye naangaria inaenda kutibu nini."

Msidhani mambo yalikuwa mepesi kama sheria yenyewe. Alikuja mama mmoja, watoto sita, wa mwisho bado mgongoni, ameshika tumbo analalamika kwamba damu inamwisha. Macho yake mekundu kwa uchovu, lakini midomo na kucha vilikuwa vizuri, damu alikuwa nayo tele. Daktari alimpima, hakuandika kitu. Akanijia dirishani hata hivyo. Nikamwambia aje Alhamisi na mume wake. Akanicheka. "Bwana yangu, Alhamisi? Aya mama, asante. Nitaenda mu ville, kule dawa haiulizake mutu anasali wapi." Akaondoka kuelekea mjini taratibu, tumbo limeshapona. Nilicheka naye siku ile. Leo nikimkumbuka sicheki. Nilifuata kanuni ya nyumba niliyoitumikia, na naiamini, lakini yale macho mekundu hayakuwa ya uongo, na sijui aliyapeleka wapi.

Nimetoka kuzima jiko. Nilikuwa wapi? Kabati.

Ilitokea kwamba msichana mmoja wa kwaya alitibiwa kwetu maumivu ya mwezi. Nilimpa boksi zima la pilule kama lilivyotoka kiwandani, na kwenye boksi imeandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa, ni dawa ya kazi gani. Boksi likamdondoka kwenye mkoba wakati wa mazoezi ya kwaya. Kufikia Jumapili wamama wa jumuiya walikuwa wamekaa na kuamua: asipeleke tena vipaji, yale matoleo ya Misa, altareni. Mama yake alikuja kunililia dirishani. Sista alienda mwenyewe kuwaeleza wale wamama, wakamsikiliza kwa adabu, na mtoto hakuitwa tena. Niliumia sana. Nikajiambia, hili halitatokea tena kwa mgonjwa wangu.

Ndipo nilipobuni ujanja wangu. Niliacha boksi kabatini. Nilivitoa vidonge kwenye karatasi yake ya bati kimoja kimoja, vyeupe nikavitia kwenye sashe moja, na vile saba vya kahawia vya mwisho kwenye sashe nyingine. Vya kahawia si pilule, ni madini ya chuma tu, ya kuongeza damu. Na kwa sababu hiyo niliona sidanganyi nilipochukua kalamu na kuandika juu ya sashe zote mbili neno moja: Damu. Chini yake kistari kimoja. Hakuna jumuiya ambayo ingeweza kusoma kitu pale. Nilifurahi kwa akili yangu. Mgonjwa nilimweleza kwa sauti ya chini, kama dirishani hakukuwa na mtu. Kama kulikuwa na watu, nilimweleza nusu. Mnaona ninakokwenda.

Clarisse aliletwa na mume wake, Patrick, juu ya pikipiki ya kukodi, maana kutoka Shituru asingeweza kutembea. Mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Kambove, ameolewa miaka miwili na nusu. Ndani ya jicho lake palikuwa peupe kama kikombe. Daktari Mbuyu alimpima akakuta miome, yaani vivimbe vya kizazi, vidogo bado, ndivyo vilivyomwaga damu. Akanifuata mpaka mlangoni kwangu na karatasi mkononi, foleni yake imefika nje.

"Léontine, umuelezee muzuri. Ni pilule. Wakati anaikunywa hatabeba mimba. Ni ya miezi tatu tu, damu irudie, kisha akuye kwangu tumutume Lubumbashi bamutoshe bile vivimbe. Mutoto atatafuta kisha."

"Ndiyo, Docteur."

Clarisse alikuja dirishani ameegemea ukuta. Nyuma yake alisimama mama kiongozi wa jumuiya ileile ya yule msichana wa kwaya, amefuata dawa ya minyoo ya mjukuu wake. Nilimwona, nikainamisha kichwa. Nikasukuma sashe mbili. "Ni dawa ya damu. Kimoja kila siku, hizi nyeupe kwanza, kisha hizi za kahawia. Zikiisha, kuya." Akasema, "Asante, mama." Maneno mengine ya daktari nilibaki nayo. Nilijiambia nitamweleza akirudi, siku foleni ikiwa ndogo.

Akarudi baada ya mwezi amekuja kwa miguu. Baada ya miezi mitatu uso umejaa, anacheka na watu njiani. "Mama, ile dawa yako ni ya Mungu!" Mimi nikacheka naye, nikamjazia sashe nyingine. Daktari Mbuyu alikuwa amehamishwa mwezi ule, na mwingine alichelewa kuja. Kwenye daftari nikaandika kwamba anaendelea. Hivyo mwezi wa nne, wa tano, wa kumi. Kila mwezi alikuja mbele yangu, kila mwezi nilikuwa na nafasi ya kusema. Mara kuna mtu nyuma yake, mara nina haraka, mara naona aibu ya kuanza kueleza leo jambo ambalo lilipaswa kuelezwa mwaka jana. Halafu akili yangu ikalisahau kabisa. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu, wanangu. Siandiki hivyo kwa kukisia, daftari nililihesabu baadaye.

Jumapili moja nilikuwa kwenye benchi langu, upande wa wanawake, mtu anasoma nia za waamini. Wakatajwa wagonjwa, wakatajwa wachimbaji waliofukiwa na udongo. Kisha: "Tumwombee dada yetu Clarisse wa Shituru na mume wake Patrick. Ni miaka minne ya ndoa, wanakuomba mtoto." Kanisa zima likaitika, "Ee Bwana, utusikie." Nami nikaitika. Kwa nguvu kabisa, kama kawaida yangu. Sauti yangu ilikuwa imeshatoka ndipo akili ikafika, na nikaona sashe, nikaona mwandiko wangu.

Sikuweza kupokea komunyo. Jirani yangu aliniuliza kama ninaumwa, nikasema tumbo.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kwa Abbé Floribert, paroko wetu. Ni mtu mrefu, anayesikiliza huku anachezea miwani. Nilisimama, akaniambia nikae, nikasema bora nisimame.

"Abbé, nilimupa mwanamuke pilule."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Mugonjwa sana. Damu ilikuwa inamuisha."

"Docteur njo aliandika?"

"Ni yeye."

"Basi unaniletea nini, mama? Kanisa haikatazake kutibu mugonjwa. Kama dawa inaponyesha muntu, hata ikifunga njia ya mutoto kwa wakati, zambi haiko pale, kama ile kufunga haiko njo yenye munatafuta. Ma sœur hakukufundisha ile?"

"Alinifundisha." Moyo ulinipungua uzito, nikashika kitasa cha mlango. Mnaelewa? Nilikuwa nimeshapata ruhusa yangu, naondoka nayo.

"Na yeye mwenyewe anasema nini?" akauliza Abbé.

"Nani?"

"Ule mwanamuke."

"Yeye hayue, Abbé."

Aliweka miwani mezani. "Ikala, Mama Léontine."

Safari hii nilikaa. Nikamweleza yote, boksi, sashe, mama wa jumuiya, nia za Jumapili. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga.

"Balikuwa babili ba kuamua, yeye na bwana yake," alisema. "Pengine bangesema, tutibu kwanza, mutoto angoye. Pengine bangeenda Lubumbashi mbio. Ile ya kuamua ni yabo, na weye ulibakamatia. Dawa ilikuwa ya haki. Kunyamaza njo hapana."

"Nilimuogopea batu ba jumuiya."

"Ulimuogopea yeye, ao ulijiogopea weye?"

Niliomba aniungamishe palepale, nitoke mweupe, mambo yaishe. Akaniungamisha. Lakini mimi kwa malipizi nilitegemea rozari, naye aliniambia, "Ukitoka apa, unaenda Shituru. Leo."

Nilitoka saa tatu asubuhi. Nilifika Shituru saa kumi jioni. Katikati nilipita kituoni nikamwambia Sista, naye akasema tu, "Enda." Nikaenda sokoni, nikanunua sabuni ambayo sikuihitaji. Nikarudi nyumbani kuiweka. Nikanywa chai nimesimama. Kama mnafikiri mtu mzima akijua la kufanya hulifanya, bado ninyi ni wadogo.

Walikaa kwenye nyumba za zamani za kampuni, zile za matofali zilizoshikana. Mama mkwe wa Clarisse, Mama Philomène, alikuwa mlangoni anachagua maharagwe kwenye ungo. Aliponiona alipiga makofi. "Mama wa dawa! Umeletea bukwe yangu dawa ya mutoto?" Nilicheka kicheko kibaya. Nikaomba kumwona Clarisse peke yake. Clarisse alitoka, akanipeleka nyuma ya nyumba, penye bomba la maji, nikamwambia wima. Nilisema jina la dawa. Nilisema inafanya nini. Nilisema maneno yote ya Daktari Mbuyu jinsi alivyoyasema, pale mlangoni, na kwamba sikuyafikisha.

Alifunga bomba lililokuwa linadondosha maji. Akauliza polepole, swali moja baada ya lingine, kana kwamba anapima njia kwa mguu.

"Docteur alikuambia unielezee?"

"Ndiyo."

"Alisema miezi tatu?"

"Miezi tatu."

"Na ile miezi yote nilikuwa nafanya novena, nilikuwa nakunywa ile?"

"Ndiyo, Clarisse."

"Kila mwezi nilikuwa nakuambia asante."

Akaniacha pale akaingia ndani, nikasikia anamwambia mama mkwe wake mwenyewe, bila kuficha. "Mama, dawa yenye nilikuwa nakunywa ni pilule. Ya ugonjwa. Habakuniambia."

"Pilule? Mu nyumba ya mutoto yangu?" Ungo ukagonga sakafu. "Donc miaka yote tunakuombea, na weye unafunga?"

"Nilikuwa naisha na damu, mama. Weye njo ulikuwa unafula mashuka yangu. Ulisahau?"

Kweli alikuwa anayafua yeye. Kisha Mama Philomène akatoka nje, akaja hadi karibu kabisa na uso wangu. Si mama mkubwa kwa umbo, ananifika begani. "Na weye unakamataka komunyo?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akarudi kuokota maharagwe yake yaliyomwagika, na mimi nikainama nikayaokota pamoja naye, mpaka la mwisho.

Clarisse aliacha vidonge. Mwezi wa pili damu ikarudi kama mwanzo. Patrick akampeleka Lubumbashi, nami nikaenda nao, sikualikwa, nilipanda tu gari nao wakaniacha nipande. Kule walimpiga picha ya tumbo. Miome ambayo Daktari Mbuyu aliiita midogo ilikuwa imejaa kizazi pande zote, pilule ilikuwa imetuliza damu tu. Daktari wa kule akasema haiwezi kutolewa peke yake, kizazi kitatoka nayo, na kisipotoka atakufa. Clarisse alimwuliza jambo moja, mbele yangu, bila kunitazama.

"Docteur, kama ningekuya kisha miezi tatu?"

Daktari alipanga karatasi zake. "Pengine, mama. Pengine na hapana. Hii hakuna mutu atakuambia kweli."

Kabla ya kutia sahihi Clarisse alimpigia Abbé simu, kuuliza kama kukubali ni dhambi. Abbé akamwambia hapana, mwili unaokufa unatibiwa, asibebe na mzigo huo. Akatia sahihi. Patrick hakumfukuza, naandika hili kwa sababu najua mtauliza. Mpaka leo wako pamoja. Ndugu zake waliongea mpaka wakachoka, yeye akaendelea kwenda posti na kurudi.

Sasa sikilizeni kazi, maana hamkuja kwangu kulia. Nilirudi kituoni nikitegemea kufukuzwa. Sista Imelda hakunifukuza. Alinikabidhi chumba cha mifagio, kile chenye mlango, akaniambia nitoe mifagio niweke viti viwili. Kuanzia hapo hakuna dawa nzito niliyoieleza dirishani. Mgonjwa aliingia, mlango ukafungwa, watu wa foleni wakanuna, wacha wanune. Boksi nilimpa mkononi likiwa na jina la dawa juu yake. Nilimwambia inaitwaje, inatibu nini, na inazuia nini mwilini. Kisha nilinyamaza, naye akanirudishia kwa maneno yake mwenyewe. Asipoweza kurudisha, sikuwa nimeeleza. Akiogopa macho ya jumuiya, alisema yeye, "Mama, tosha boksi," na nikaliondoa boksi, maana aibu ni yake na siri ni yake. Wengine waliposikia ni pilule waliruka. "Ma sœur anayua?" Nikawapeleka kwa Sista wamsikie. Wengine wakaikataa kabisa, wakaondoka na maumivu yao, na hilo lilinitesa, lakini niliwaacha waende. Yule wa maumivu anaweza kurudi kesho. Wengi walirudi.

Na tarehe ya kumaliza dawa iandikeni kwa herufi kubwa. Daktari akihama, tarehe haihami. Hata mkisahau uso wangu, msisahau hilo.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji nilikwenda tena Shituru. Nilikuwa nimetunga hotuba yangu njiani, ndefu, na machozi yake. Clarisse alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo. Akaniacha niseme yote hadi mwisho, nikamwomba msamaha, nikapiga na magoti.

"Simama, mama, goti itakuuma," akasema. Nikasimama. Aliendelea kukunja nguo kidogo. "Nikisema leo nimekusamehe, utaenda kulala usingizi. Miye sitaki ulale kwanza. Batakuya banamuke bengine pa ile dirisha. Kila mumoja, mbele ufungule kinywa, miye nataka unikumbuke. Siku utaacha kazi, kuya hapa, uniombe tena musamaha. Ile siku nitakuyibu."

Nilimwambia ndiyo, nitakuja siku ileile.

Kazi nimeiacha miaka miwili sasa. Clarisse anasali Misa ya kwanza, kama mimi. Wakati wa kupeana amani anaacha benchi lake, anakuja mpaka kwangu, ananishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Léontine, utakuya lini?"

Namwambia, juma lijalo.